Tulikausha Bwawa Wakati wa Kiangazi

Siku ya kuniaga walinipa doti mbili za khanga, sufuria kubwa na hotuba. Mtoa hotuba alisema nilikuwa mtumishi mvumilivu. Nilinyamaza kwa sababu soda zilikuwa zimeshafunguliwa, lakini hapa naweka sawa: sikuwa mvumilivu hata siku moja. Nilikuwa mbishi. Ningekuwa mvumilivu ningemaliza miaka yangu yote nikihesabu ng'ombe waliochanjwa.

Nyinyi mliobaki idarani mmeniomba niandike niliyojifunza kuhusu mabwawa. Vyeo sitaviandika. Vimo kwenye faili, na faili limo kwenye kabati ambalo ufunguo wake ulipotea kabla hamjaajiriwa. Nitaandika kuhusu maji, tope na watu, na zaidi nitaandika kuhusu bwawa moja lililoko bondeni chini ya Vuga, kwa sababu bwawa hilo nusura linitoe kazini na sijawahi kulijutia.

Mimi ni mtu wa Magoma, kule chini kwenye joto. Nilisomea uvuvi nikiamini nitapelekwa Pangani, au Mwanza nikiwa na bahati. Barua ikasema Lushoto. Nilipanda gari Mombo nikiwa na blauzi ya mikono mifupi, na tulipofika juu nilikuwa nimevaa kila kitu kilichokuwemo kwenye begi. Mkuu wa idara alisoma barua yangu mara mbili, akaniuliza kama sikukosea wilaya. Alisema huku watu wanalima kabichi na viazi, maji ni ya baridi, na samaki hawakui milimani. Kisha akanipa meza yenye miguu mitatu mizima na buti za mpira za mwanamume. Nilivaa jozi tatu za soksi ili zinikae, nikatoka kwenda kuangalia.

Mabwawa yalikuwepo, tena mengi. Wazee walikuwa wamechimba kila penye chemchemi. Ila yote yalikuwa na ugonjwa mmoja: samaki waliojaa tele, wote wa urefu wa kidole. Kila niliyemuuliza alinijibu kama mkuu wangu, kwamba ni baridi. Nikajisemea basi, nitaleta vifaranga vizuri kutoka chini niwaonyeshe.

Nikaenda kwenye mabwawa ya kuzalishia vifaranga, huko chini upande wa Mombo, nikafungiwa mifuko miwili ya plastiki iliyojazwa maji na hewa. Nikapanda nayo nimeipakata. Nilipofika kwenye bwawa la kwanza, mbele ya wanakijiji waliokuja kushangaa, nikafungua mifuko na kumwaga. Kabla ya adhuhuri samaki wote walikuwa juu ya maji, matumbo yakitazama mbingu. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kusema kitu, na kwa Wasambaa ukimya wa namna hiyo ni mbaya kuliko matusi. Nilirudi nyumbani nikalia, nikakasirika kwa kulia, nikarudi Mombo.

Kule alikuwepo Mzee Bakari, mtunza mabwawa, ambaye hakuwa na cheti cha kitu chochote. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku akichungulia buti zangu. Nilipomweleza yaliyotokea alicheka mpaka akakaa chini.

"Samaki hana koti, mwanangu," akasema. "Umemtoa kwenye joto la Mombo umemtupa kwenye barafu. Mpe muda azoee."

Ndipo akanifundisha. Mfuko uelee kwanza juu ya bwawa ukiwa umefungwa, mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane ubaridi. Uufungue, utie maji ya bwawa kikombe kimoja kimoja. Kisha uinamishe mfuko na umwache samaki atoke mwenyewe. Asiyetaka kutoka usimsukume. Alinifundisha pia kuzamisha mkono kwenye bwawa lililotiwa samadi: vidole vikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, chakula kimo, ukiona vidole vyote, ongeza samadi, vikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, umezidisha na samaki watakosa hewa. Najua sasa mna mashine ndogo ya kupimia. Ile ya mwisho ilikuwa haina betri nilipoondoka, kwa hiyo msikidharau kiwiko.

Sasa bwawa la chini ya Vuga. Lilikuwa la mjane anayeitwa Mama Hadija. Mumewe alilichimba kwa jembe la mkono, akafa kabla hajala hata mchuzi wake. Mashamba yaliyozunguka bwawa yalikuwa ya ndugu wa mume, na mkubwa wao, Rajabu, ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa kamati ya mfereji unaogawa maji bonde zima. Rajabu alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe yalikuwa maagizo. Alipomtaja Mama Hadija alisema "mke wa marehemu". Nilipofika mara ya kwanza ukoo ulikuwa umeshakaa kikao: bwawa ni eneo linalokaa bure, dagaa wale hawana maana, na kama mpaka mvua za vuli zijazo hakuna samaki wa maana, litafukiwa na kupandwa viazi. Wakipanda wao viazi, eneo limekwenda. Mama Hadija alilijua hilo na mimi nililijua, na hapakuwa na kipande kingine cha ardhi kilichokuwa mkononi mwake.

Nilikaa ukingoni siku hiyo nikimtazama anavyofanya kazi. Alilisha vizuri: pumba, majani ya magimbi, masalia ya kabichi. Samadi ilitosha. Bwawa lake halikuwa na kosa nililoliona. Kisha akaingia mgeni, mjomba wa marehemu kutoka Bumbuli, na Mama Hadija akachukua kikapu akavua. Wadogo wote aliwarudisha majini kwa upole, akawaombea wakue. Alibakiza mmoja tu aliyezidi wenzake, akamkaangia mgeni. Nikamuuliza kama ndivyo anavyofanya siku zote.

"Mgeni nitampa mdogo, Bibi Samaki?" akaniuliza kwa jina walilonipa wanakijiji, na kwa kweli alishangaa. "Nitaitwa nani?"

Nikaomba anivulie tena. Nikachukua mmoja wa wale wa kidole, nikamfungua mdomo. Ulikuwa umejaa mayai ya rangi ya manjano. Perege jike hulea mayai yake mdomoni, hilo nililisoma chuoni, lakini sikuwahi kuliwaza kwa samaki mdogo namna ile.

"Mama Hadija," nikamwambia, "huyu si mtoto. Huyu ni bibi mwenye wajukuu."

Aliinama akachungulia mdomoni mwa yule samaki. Kwa miaka yote alikuwa akiwarudisha vikongwe majini akidhani ni watoto, na kila aliyejaliwa kukua alikuwa amekwenda kwenye sahani ya mgeni. Mbegu iliyobaki ilikuwa ya vibete wanaozaana usiku na mchana na kugombania pumba. Na hakuwa peke yake. Milima hii yote ndivyo ilivyokuwa ikifanya kwa sababu ya heshima, halafu lawama inabebeshwa baridi. Baridi inachelewesha samaki, sikatai, ila haimfanyi awe kidole.

Dawa yake ni moja: kukausha bwawa mpaka tope lipasuke, kuvua kila kilichomo, kutia chokaa, na kuanza upya na samaki waliohesabiwa. Na lazima iwe kiangazi, mwezi wa kwanza au wa pili, kwa sababu masika chemchemi hairuhusu tope likauke. Hapo ndipo ugumu ulipo. Ukikausha kiangazi, maji ya kujazia yanatoka kwenye mfereji, kwa zamu, na zamu ziko mikononi mwa Rajabu. Kusubiri masika yajaze haiwezekani pia, maana vifaranga vikiingia kwa kuchelewa, baridi ya mwezi wa sita inavikuta bado vidogo.

Nikampelekea mkuu wangu mpango. Alisema mambo ya maji ni ya kuuana, kwamba kukausha bwawa la mjane kiangazi ni kumpa shemeji yake jembe la kufukia, na hapo hakukosea. Kisha akasema nikifanya hivyo nisije nikasema ofisi ilinituma. Nikamjibu sitasema. Nikaandika kwenye kitabu cha safari kwamba nakwenda kukausha bwawa kwa uamuzi wangu mwenyewe, nikatia sahihi, nikamwonyesha. Hakukitia sahihi yake. Kisha nikaenda stendi.

Mama Hadija hakuamua siku hiyo. Aliswali, akalala akiliwaza, na asubuhi akaniambia kama bwawa linakufa ni afadhali life kwa mkono wake. Maji hatukuyamwaga ovyo. Tulichimba kijito tukayapitisha kwenye bustani za majirani, na shamba la kwanza kunywa lilikuwa la nyanya za Rajabu mwenyewe. Hilo ni fundisho: ukikausha bwawa kwenye mlima wenye kiu, hakikisha adui yako ndiye anayemwagiliwa kwanza. Alisimama akatazama maji yakiingia kwenye nyanya zake.

Vibete tuliwatoa kwa vikapu na kuwagawa mtaa mzima. Kisha likabaki tope, na Mama Hadija alipoliona aligeuka akajifunika uso kwa khanga. Nilimwacha. Siku zilizofuata nilitambaa kwa magoti kwenye tope lile nikichota kila kidimbwi, hata maji yaliyobaki kwenye alama za kwato, kwa sababu vibete wawili wakipona kwenye kidimbwi kimoja, kazi yote imekuwa bure. Wanaume walikuja kumwona mtumishi wa serikali akichota nyayo za ng'ombe kwa kikombe. Wacha waone, nilisema, na nikaendelea kuchota. Tope likapasuka, tukatia chokaa, tukangoja zamu.

Zamu haikuja. Siku ya Mama Hadija ilipofika maji yalipita kwake yakaenda kwa aliyefuata. Rajabu alimtuma mtu aseme kamati imeona samaki si zao, na kiangazi maji ni ya mazao. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Mimi nilitaka kwenda wilayani kuandika barua. Mama Hadija akasema barua hazimwagilii, akachukua jembe la marehemu, akaniambia nimfuate kama nataka.

Kamati ilikuwa imekaa pale mfereji unapogawanyika, asubuhi, wazee watano pamoja na Rajabu. Mama Hadija aliwaamkia wote mmoja baada ya mwingine, kwa goti, hakumruka hata mmoja. Alipomaliza kuamkia akasimama wima.

"Zamu ni ya shamba," akasema. "Si ya kilichopandwa. Mume wangu alipochimba mfereji huu na nyinyi, hakuna aliyemuuliza atapanda nini."

Rajabu akasema mwanamke haji kufundisha kamati. Mama Hadija alishika jembe kwa mikono miwili. Alishuka mferejini, maji yakamfika magotini, akapiga jembe kwenye udongo uliozibia mlango wake. Nikashuka na buti zangu nikasimama kando yake, sikujua la kufanya zaidi ya kusimama. Nilikuwa na hofu ya kweli. Mkubwa wa wazee wale, Mzee Shemboko, alikaa akitazama maji yanavyogeuka kuelekea bwawani, kisha akasema kwa Kisambaa, taratibu, kwamba anakumbuka siku ile ya kuchimba na marehemu alichimba sehemu yenye mawe. Hakuna aliyenyanyuka kuziba tena. Tokea siku hiyo zamu ilikuja kila wiki, na bwawa likajaa kidogo kidogo.

Nikashuka kwa Mzee Bakari kumwomba madume matupu, ili wasizaane. Siku hizi mnaagiza. Yeye aliwachambua kwa macho, mmoja mmoja, akiwageuza tumbo na kutazama tundu lililo chini. Alifanya hivyo kutwa nzima akinung'unika mgongo. Nilipanda nao, nikaiacha mifuko ielee, nikatia maji kikombe kikombe, na hakufa hata mmoja siku ile. Lakini walikuwa wachache kwa bwawa kubwa vile, na majirani waliohesabu kutoka ukingoni walicheka. Walizoea bwawa linalochemka samaki. Bwawa zuri huonekana tupu. Waambieni wafugaji wenu hivyo mapema, kabla jirani hajawaambia vingine.

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa ya maji. Nilimwambia Mama Hadija kwamba mpaka siku ya kuvua, mgeni hapewi samaki. Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo sokoni. Alikubali, na akalipia. Alichinja kuku wake wote. Kuku walipokwisha alipika maharage. Mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, Rajabu alimletea wageni watatu kwa makusudi, akasema kwa sauti wamekuja kula samaki wa mabondeni. Mama Hadija aliwaandalia maharage na viazi na kuwakaribisha kwa maneno mazuri. Rajabu akatangaza kijijini kwamba mke wa marehemu amekuwa mchoyo, na neno hilo lilimuuma kuliko kikao cha ukoo, maana lilimfikia hadi kisimani. Aliniambia anataka kuvua wawili watatu tu yaishe. Nilimwambia bwawa ni lake, aamue yeye, ila asiniambie mimi niseme sawa. Hakuvua.

Miezi hiyo ya baridi niliagiza pia apunguze chakula, kwa sababu maji yakiwa baridi samaki hawali na pumba zinaoza chini. Basi likaongezeka jingine, kwamba ni mchoyo hata kwa samaki.

Tulivua mwezi wa tisa, kabla ya vuli, mchana, kila mtu akiona. Wavu ulipokokotwa kufika ukingoni nilisikia watu wamenyamaza, na nikauogopa ule ukimya wao. Safari hii ulikuwa ukimya mwingine. Perege walikuwa wakubwa kuliko kiganja changu na vidole vyake. Mama Hadija alikaa kwenye majani akaanza kucheka, akacheka huku machozi yakimtoka, na mimi nikajikuta nacheka naye ndani ya maji. Wa kwanza kukaangwa aliwapelekea wale wageni watatu wa maharage, kwa majina yao, nyumba kwa nyumba.

Msidhani iliishia hapo. Ukoo ukaita kikao tena. Safari hii Rajabu alisema bwawa ni mali ya ukoo, mke wa marehemu amelitunza vizuri, sasa ndugu watalisimamia. Niliitwa niseme kitaalamu. Nilisema kitaalamu kwamba mwenye bwawa ni yule aliyelikausha lilipokuwa halina thamani, na kwamba nimeandika hivyo kwenye ripoti, na ripoti imeshakwenda. Haikuwa imekwenda. Ilikwenda kesho yake.

Mama Hadija alizungumza baada yangu, na hakupandisha sauti.

"Mlitaka kulifukia nikiwa nalilia," akasema. "Anayetaka bwawa, bonde ni kubwa. Achimbe."

Mzee Shemboko akafunga kikao kwa dua. Bwawa halikuguswa.

Mkuu wangu aliandika baadaye kwamba idara ilifanya majaribio yaliyofanikiwa. Nilimwacha aandike. Nilichokitaka nilikipata masika yaliyofuata, asubuhi moja ya mvua, Rajabu alipoingia ofisini kwangu amelowa, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wafugaji. Alikuwa amechimba bwawa lake na alitaka liandikishwe. Nikatoa fomu. Jina, kijiji, ukubwa, chanzo cha maji, alijibu yote. Nikafika kwenye swali la mfugaji amepata wapi mafunzo. Alikuwa amekwenda kwa shemeji yake karibu kila wiki kuuliza, na bonde zima lilijua.

"Andika kwa mke wa marehemu," akasema.

Nikamwambia fomu ya serikali haina nafasi ya marehemu, inataka jina la mwalimu.

"Mama Hadija."

"Jina lake kamili, mzee."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati na sikuwa na haraka. Niliweka kalamu juu ya karatasi nikangoja. Rajabu alitazama dirishani, akaitazama kofia yake, kisha akalisema polepole, jina ambalo nadhani hakuwahi kulitamka tangu siku ya harusi: Mwanahawa Saidi.

Nikamwomba arudie kwa sababu ya mvua. Akarudia, nikaliandika kwa herufi kubwa.